Nilidhani Sungura Hula Jani Lolote

Nilikua nikijua kwamba sungura hula majani, nikaona elimu hiyo inatosha. Hapa Kisenge, nchini Kongo, ukimuuliza mtu sungura anakula nini, atakunyoshea kidole nyuma ya nyumba: majani si hayo? Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi. Nimewakaririsha watoto wa wenzangu majina ya mito, kuanzia Lualaba hadi Kasai, lakini majani yaliyoota nyuma ya jiko langu sikuweza kuyataja, wala sikuona kwamba huo ni upungufu. Naandika ushuhuda huu kwa ajili ya mtu ambaye leo ana sungura nyumbani, anampenda, na anamlisha jinsi nilivyokuwa nikimlisha wangu.

Sungura mwenyewe aliletwa na ndugu yangu kutoka Kolwezi, juu ya lori, ndani ya katoni ya sabuni. Nia ilikuwa anenepeshwe, aliwe Mwaka Mpya. Binti yangu mdogo akamtoa katika katoni, akampa jina la Pamba kwa weupe wake, akamlaza mapajani. Kabla wiki haijaisha hakuna aliyekuwa na moyo wa kutaja sufuria. Mama yake alisema mara moja tu, "Huyu sasa ni mtoto wa nyumba." Ikawa hivyo.

Ili unielewe, inafaa ujue mji wetu. Kisenge iliishi kwa manganizi. Madini yalipakiwa kwenye mabehewa, yakaenda kwa reli hadi Dilolo, yakavuka Angola mpaka bandari ya Lobito. Mwaka 1975 vita vya Angola vikaikata njia hiyo, na malundo ya manganizi yaliyokwisha kuchimbwa yakabaki yamelala hapa miaka na miaka. Kazi ya mshahara ikawa haba, watu wakashika jembe. Kwa hiyo kwetu jani bichi ni chakula cha watu. Sombe ya majani ya muhogo, lengalenga yaani mchicha, matembele na kibwabwa cha majani ya maboga ndivyo vinavyoshusha bukari, ugali wetu, kooni. Kununua fungu zuri la mboga sokoni ukamlishe mnyama, huku jirani anakutazama na watoto wake hawajala, ni jambo la aibu. Hivyo Pamba alikula kilichobaki: vikonyo vya mboga, majani ya nje yaliyotupwa na wauzaji, ukoko wa bukari. Mimi niliuona huo kuwa ukarimu.

Mvua zilipokuwa zikinyesha, lengalenga iliota yenyewe kando ya jaa, nene na laini. Nikamkatia hiyo asubuhi, nikamkatia hiyo jioni, majuma kwa majuma, bila kitu kingine. Alikuwa akiila kwa furaha, nami nikasema moyoni, basi, hiki ndicho chakula chake. Mkojo wake ulianza kuwa mzito, ukikauka sakafuni unaacha weupe kama chokaa. Binti yangu aliniuliza kwa nini. Nikamjibu kwamba sungura mweupe hukojoa hivyo. Nilimjibu kwa sauti ya mwalimu, naye akaniamini. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko mengine yote.

Kiangazi kikaingia. Mwezi wa sita usiku wa kwetu huwa baridi, na udongo huwa mkavu. Lengalenga ikaisha. Siku moja nilirudi kutoka sokoni na lundo la majani ya nje ya kabichi niliyopewa bure. Nikalimwaga lote mbele ya Pamba kwa mara moja, na juu yake nikamwekea bukari la jana. Alikula sana. Kesho yake hakula. Alijikunja pembeni, macho nusu, akisaga meno kwa sauti ndogo, na tumbo lilikuwa limejaa na kukaza. Mahali alipokuwa akiacha vinyesi vyake vya mviringo hapakuwa na hata kimoja.

Nilidhani amechoshwa na kabichi na anataka kitu kitamu. Nikaenda shambani pembeni ya nyumba, nikachuma vichomozi vya muhogo, vile vya juu kabisa, vyororo, ambavyo mke wangu huvichagua kwa ajili ya sombe ya wageni. Nilikuwa nimechuchumaa, mkono umenyooka, jani liko karibu kabisa na mdomo wa Pamba, pale jirani yetu mzee, ambaye mtaa mzima tunamwita Nkambo, alipoingia kuomba moto wa makala. Akanishika kifundo cha mkono.

"Mwanangu, sombe hii wewe ungeila hivi ilivyo?"

"Hapana, Nkambo."

"Sasa yeye amekukosea nini?"

Sikuwa na neno. Kila mtoto wa Katanga ameona sombe inavyotengenezwa: inachumwa, inatwangwa kwenye kinu mpaka inatoa maji ya kijani, inachemshwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, na mtoto akitaka kuonja kabla ya wakati anapigwa mkono. Jani la muhogo lina kitu ambacho likipondwa au kutafunwa hugeuka kuwa sumu ya saianidi, na sumu hiyo hutoka na mvuke. Majani machanga ndiyo yenye nyingi zaidi. Wazee walijua bila kuisoma. Ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ya watu wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, uliandikwa na daktari Trolli mwaka 1938 kutoka kule Kwango, katika nchi yetu hii hii. Nyumbani kwangu muhogo hulowekwa siku kadhaa kwa ajili ya watoto. Yote hayo niliyajua. Sikuwahi kufikiri kwamba mwili wa mnyama mwenye uzito wa kilo mbili nao unahitaji ujuzi huo huo.

Nkambo hakunikaripia. Alipapasa tumbo la Pamba kwa vidole viwili, akaniuliza, "Amekula nini juzi? Na jana? Na wiki iliyopita?" Nikamwambia. Akaniuliza tena, "Na nyasi?" Nikasema nyasi simpi, kwa sababu anapenda mboga. Akatikisa kichwa, akaniambia nimtafute mtu wa dawa za mifugo, maana yeye anajua majani tu.

Nilipanda kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya shule, mahali mtandao unapokamata, nikampata daktari wa mifugo aliyeko Kolwezi. Alinisikiliza, akasema maneno ambayo niliyaandika kwa chaki kwenye mlango niliporudi. Mboga zote ziondolewe na bukari pia. Apewe nyasi kavu na maji, na asipokunywa adondoshewe kidogo kidogo pembeni ya mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Awekwe mahali pa joto. Tumbo lisuguliwe polepole, aachwe atembee. Akaniambia kwamba sungura hawezi kutapika. Kilichoingia hakina njia ila kwenda mbele, na utumbo ukisimama siku nzima anaweza kufa. Sungura ambaye hajala tangu asubuhi mpaka jioni, akasema, ni mgonjwa tayari, usingoje kesho.

Tulikesha. Binti yangu alimshika, mimi nikasugua, mke wangu akawa anapasha kitambaa moto. Nilisali, na sala yangu haikuwa nzuri. Nilikuwa kama mtu anayeomba deni lake lisahauliwe. Alfajiri Pamba akatoa vinyesi vitatu, vidogo, vikavu, vimepindapinda. Binti yangu alivibeba kwenye kiganja kuja kunionyesha, akilia. Mchana akavuta unyasi mmoja, akautafuna mpaka mwisho.

Sikustahili hilo. Nasema hivi bila kutafuta huruma. Nimeona watu waliofanya kosa dogo kuliko langu wakampoteza mnyama wao. Nkambo angechelewa kidogo tu kuja kuomba moto, ningekuwa naandika mambo mengine.

Juma lile lile nilimwomba Nkambo anifundishe. Nilikwenda na daftari, jambo lililomfurahisha. Alinipitisha pembezoni mwa mashamba, kisha kando ya kijito, akivunja jani, akilinusa, akinipa nami ninuse. Mimi, kwa tabia ya shule, nilitaka kanuni moja ya kushika. Tulipofika kwenye mnyaa akavunja tawi, utomvu mweupe ukachuruzika, akasema huu ni sumu. Nikaandika haraka: chenye maziwa meupe ni kibaya. Nkambo akaniomba nivunje kikonyo cha tembele. Kikatoa utomvu mweupe. Akaniomba nivunje mchunga, ule wenye maua ya njano. Nao ukatoa. Na hivyo viwili ni chakula kizuri cha sungura. "Jani halijulikani kwa kabila," akaniambia. "Linajulikana lenyewe." Nikafuta kanuni yangu.

Kwa hiyo nilijifunza moja moja, kama nilivyowahi kujifunza majina ya wanafunzi. Matembele ndiyo yamekuwa msingi wa mboga zake: yanaota karibu mwaka mzima ukiyamwagilia, na Pamba hayachoki. Kisosi, lile gugu linalong'ang'ania suruali kwa mbegu zake nyeusi, anakula likiwa changa kabla halijachanua. Mchunga anaupenda kwa uchungu wake. Majani ya kunde, majani ya karoti, majani ya mgomba, kibwabwa kidogo. Majani ya karanga tunayakausha baada ya kuvuna. Lengalenga bado anapata, ila mara mojamoja na ikiwa imechanganywa na nyingine.

Na yale ya kukataa nikayaandika ukurasa wa peke yake. Jani la avoka, ambalo watoto humtupia sungura kwa sababu mti uko uwanjani: lina sumu inayodhuru moyo wa sungura. Majani ya nyanya na ya viazi mbatata. Vitunguu vya kila namna. Mbarika. Lantana, ile ya maua ya rangi mbili tatu tunayoipanda iwe ua. Mnyaa. Na sombe mbichi. Wapo wafugaji wanaoanika majani ya muhogo mpaka yakakauka kabisa, na sumu hupungua sana. Siwapingi, ila kwa Pamba sijaona sababu ya kujaribu.

Mwalimu mwenzangu aliponiona na daftari lile akaniazima kitabu cha Kifaransa kuhusu sungura kilichotolewa na FAO, cha François Lebas na wenzake. Nilikisoma jioni kwa taa ya sola. Humo na kwa daktari wa Kolwezi nikaelewa sababu za yale niliyoyaona. Sungura humeng'enya majani sehemu ya nyuma ya utumbo, ndani ya mfuko mkubwa uliojaa vijidudu vidogo. Vijidudu hivyo huzoea chakula. Ukibadilisha kila kitu kwa siku moja, au ukivimwagia wanga wa bukari, vingine vinakufa na vingine vinazidi, hewa inajaa, utumbo unasimama. Sungura hutoa pia vinyesi laini na kuvila moja kwa moja kutoka mwilini, jambo lililoelezwa na Mfaransa Morot tangu 1882. Siyo uchafu, ndivyo anavyopata vitamini na protini zilizotengenezwa na vijidudu vile. Mimi nilikuwa nikimfukuza Pamba akifanya hivyo.

Weupe wa mkojo nao ukaeleweka. Mwili wa sungura hunyonya sehemu kubwa ya kalsiamu anayoila, kisha ziada inatolewa na figo. Lengalenga ina kalsiamu nyingi, ina pia asidi ya oksali kwa wingi. Ukimpa hiyo peke yake kila siku, uchafu mzito unaweza kujikusanya kwenye kibofu. Ndiyo maana ya kuchanganya. Kila jani lina zuri lake na lina lake la kuzidi, na sungura anayekula aina nne au tano kidogo kidogo hapati ziada ya lolote. Nikajifunza pia kwamba meno yake hayaachi kuota maisha yake yote, na nyasi ngumu ndizo zinazoyasaga. Nyasi niliyomnyima kwa kumpenda ndiyo iliyopaswa kuwa sehemu kubwa kabisa ya chakula chake. Mboga ni nyongeza: kikombe kimoja cha majani yaliyokatwa kwa kila kilo ya uzito wake, kwa siku, inatosha. Jani jipya anaanza nalo kipande kidogo, peke yake, nami naangalia vinyesi kesho yake kabla ya kuongeza.

Usidhani kwamba baada ya hapo nilitembea njia iliyonyooka. Nilichoka. Kukata nyasi kila siku baada ya darasa, kutembea mpaka kijitoni, kuosha, kuchambua, huku mboga za bure zipo jaani, kulinishinda mara kadhaa. Kuna siku nilirudia uvivu nikamtupia alichotupa muuzaji. Maneno ya watu nayo yaliniuma. "Mwalimu anachumia sungura kachumbari," walisema. Mke wangu ndiye aliyesimama. Alisema, mboga hizi tunazilima wenyewe, wala hakuna mtoto aliyenyang'anywa. Akapanda mstari wa matembele pembeni ya mahali pa kufulia, maji ya kusuuzia yanayanywesha. Tangu hapo sikurudi tena jaani.

Jambo jingine lilinijia nilipokwenda Kolwezi kufuatilia mshahara. Nilitaka kurudi na mboga nzuri nilizoziona zikiuzwa kando ya barabara ambako malori ya madini hupita usiku na mchana. Nikazishika, vumbi likabaki vidoleni. Nikakumbuka kwamba mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, Célestin Banza akiwa kiongozi wao, waliandika jinsi walivyokuta kobalti nyingi mno kwenye mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi ya Katanga. Mwaka 2018 wakaandika tena juu ya mtaa wa Kasulo, Kolwezi penyewe, ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao, na watoto ndio waliokutwa na kiasi kikubwa zaidi. Vumbi linaingia kwa pua, linaingia kwa chakula. Niliirudisha mboga ile kwa mama muuzaji kwa heshima, nikaondoka na huzuni, maana yeye na watoto wake hawakuwa na pa kuirudisha. Sungura alinifanya nifikirie sahani yetu wenyewe. Siku hizi hatuchumi chochote karibu na reli wala karibu na malundo ya manganizi, na kila jani, la Pamba na la kwetu, linaoshwa kwenye maji mawili, likikung'utwa katikati. Maji ya kwanza ukiyaacha yatulie kwenye beseni jeupe, utaona yaliyobaki chini.

Kiangazi ndicho kilikuwa mtihani wa mwisho. Kwetu, mwezi wa saba na wa nane moto hupita porini, nyasi zote zinakuwa majivu. Mwaka wa kwanza nilishtuka nimechelewa, nikawa natafuta nyasi kwenye mabonde yenye unyevu, mbali. Sasa nakata mwezi wa nne, mvua zinapopungua, nyasi zikiwa bado na majani na hazijawa mabua. Naanika kivulini juu ya vichanja, nageuza asubuhi na jioni mpaka zinatoa harufu tamu na hazipindi bila kuvunjika. Naweka ndani ya magunia yaliyo wazi kidogo, juu ya mbao, mbali na sakafu. Gunia lenye harufu ya ukungu natupa lote. Mara ya kwanza kulitupa kulinitoa machozi kwa kazi niliyoifanya, lakini ukungu nao unaua.

Pamba yuko hai. Amezeeka kidogo, manyoya ya mgongoni yamekuwa na rangi ya njano hafifu, na bado anakimbia akisikia sauti ya kisu juu ya ubao. Binti yangu sasa ndiye anayeshika daftari. Ameongeza majani ambayo mimi sikuyajua, aliyoonyeshwa na Nkambo mwenyewe, na mengine ameyaandikia alama ya kuuliza na hayampi mpaka aulize. Namshukuru Mungu kwa alama hizo za kuuliza. Mimi sikuwa nazo.

Kama unasoma haya na sungura wako amejikunja pembeni, acha kusoma. Ondoa mboga, weka nyasi kavu na maji, mpashe joto, mpigie daktari wa mifugo hata kama yuko mbali. Kama wako ni mzima, anza na nyasi wiki hii, kisha jani moja. Na ukipita Kisenge, marando ya matembele yapo pembeni ya mahali petu pa kufulia. Nkambo alitupa bure, nasi hatuuzi. Kata urefu wa mkono, funga kwa kitambaa chenye maji, yatafika kwenu yakiwa mabichi.